Maswali ya Siwa, na ile "saa ashara" iliyoniadhiri

Wiki iliyopita nilitaja hapa, kwa kupitisha tu, kwamba nilipokwenda Cairo kumtizama mtoto wa dada yangu anayesoma Al-Azhar, tulikatiza jangwa tukalala siku nne Siwa. Nilidhani mtaniuliza hali ya kijana. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Nyote mnataka Siwa. Basi nimeyachambua maswali yaliyojirudia, haya hapa.

Bi mkubwa, Siwa ndiyo wapi hasa? Na mtu anayetoka Unguja anafikaje? (Bububu)

Ni oasisi, yaani bonde lenye chemchemi na mitende katikati ya jangwa, upande wa magharibi kabisa wa Misri. Mpaka wa Libya uko kiasi cha kilomita 50 tu. Kutoka hapa unaruka hadi Cairo, wengi huunganisha Addis Ababa, na ukishatua Cairo usidhani umefika. Basi linapanda kwanza kaskazini hadi pwani, linaifuata bahari mpaka mji wa Marsa Matruh, kisha linaipa bahari mgongo na kukata jangwa kilomita 300 nyengine kuelekea kusini. Hesabu saa kumi hadi kumi na mbili ndani ya basi. Baada ya Matruh hakuna mji wala kijiji cha maana, ni tambarare ya changarawe mpaka macho yachoke. Lami yenyewe ilifika huko miaka ya 1980. Kabla ya hapo kwenda Siwa ilikuwa shughuli ya siku kadhaa.

Sasa nisikilizeni, maana hili lilinila mchana mzima. Karani wa tiketi aliniambia basi linaondoka "saa ashara". Mimi na Kiarabu changu cha chuoni nikafasiri haraka haraka: ashara ni kumi, basi saa kumi. Saa tisa na nusu alasiri niko kituoni, begi miguuni, kanga kichwani, nimeshaaga. Ashara yao ni saa nne yetu ya usiku! Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia machweo na macheo. Kijana wetu alipokuja kunikuta alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo ukitajiwa saa na Mmisri, ondoa sita au ongeza sita, halafu muombe akuonyeshe kwenye tiketi.

Miezi gani ni mizuri? Mume wangu anataka Julai kwa sababu skuli zimefungwa. (Kwahani)

Mwambie mumeo Julai hapana. Joto la kiangazi kule linapita nyuzi 40, na si joto letu la kaskazi ambalo unatoa jasho ukipata upepo unapoa. Lile ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anaishiwa maji mwilini hali anajiona mzima. Wenye shida ya viungo ndio huenda makusudi wakati huo, wakafukiwa kwenye mchanga wa moto chini ya mlima Dakrur kama tiba. Wewe na watoto haiwahusu.

Nendeni kati ya Oktoba na Machi. Oktoba na Novemba ni msimu wa kuvuna tende, na mimi ningechagua huo. Aprili nao uko mashakani, kwa sababu ndio wakati wa khamsini, upepo wa vumbi unaotoka jangwani. Ila msidharau baridi. Mchana wa Januari ni wa kupendeza, lakini usiku unaweza kushuka hadi nyuzi tano. Kipupwe chetu ni mchezo wa watoto. Nilichukua sweta moja nikidhani nimejiandaa, nikalala nayo, na soksi, na mablangeti mawili, na bado alfajiri niliuona moshi wa pumzi zangu mwenyewe.

Makaratasi gani yanatakiwa? (Chake Chake)

Viza kwanza. Sisi Watanzania tunaiomba kabla ya safari, na ubalozi wa Misri upo Dar es Salaam. Anza mapema, usingoje tiketi ikukabe. Pili, kadi ya njano. Misri wanaidai kwa anayetoka Tanzania, na chanjo ya homa ya manjano huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa. Aliyechanjwa juzi akasafiri leo ni sawa na asiyechanjwa. Tatu, toa nakala nyingi za pasi yako. Njiani kuna vizuizi vya askari, basi linasimamishwa, pasi zinakusanywa. Ukiwa na nakala mkononi unatoa unarudi kulala.

Na kibali cha kuingia mchangani ni kitu kingine, hakitokani na viza. Kijijini utatembea upendavyo, lakini kutoka nje kwenye jangwa lenyewe lazima mwenyeji akukatie kibali. Nimeulizwa kama inawezekana kuruka hatua hiyo "kwa kujuana". Septemba 2015 jeshi la Misri liliushambulia kutoka angani msafara wa watalii wa Mexico karibu na oasisi ya Bahariya, likidhani ni wapiganaji. Watu 12 walikufa. Kukazuka mabishano kama walikuwa na ruhusa ya kuwa pale au la, na mabishano hayo hayakumfufua mtu. Basi usiingie kwa kujuana.

Sisi kina mama watatu twaweza kwenda bila ya mwanamme? Tuvaeje? (Jang'ombe)

Mnaweza. Siwa ni kwa watu wa Siwa, wanaosema lugha yao ya Kisiwi, jamaa ya lugha za Waberberi, na Kiarabu wanakijua kwa ajili ya wageni. Ni watu wa dini, na wapole. Wanawake wao hamtawaona sana barabarani. Anayetoka hujitanda shuka pana ya rangi ya buluu iliyofifia, yenye nakshi, hata uso haubaki nje. Nami na buibui langu sikupata usumbufu wowote, isipokuwa kila mtu aliniuliza kama mimi ni Msudani. Mwanamke wa Kisiwi msimpige picha, hata kwa mbali, hata kwa kujifanya mnapiga mtende.

Chukueni kanga doti mbili kila mtu. Ni taulo, ni shuka, ni mswala, ni ya kujifunika kichwa vumbi likipanda, na mkishuka chemchemini mnajifunga nayo juu ya nguo. Birika wanaloliita la Cleopatra liko wazi kando ya njia, vijana wanajirusha humo mchana kutwa, kwa hiyo kina mama huenda mapema asubuhi.

Kibla huko kiko wapi, na udhu jangwani vipi? (Msomaji wa Wete)

Swali zuri, kwa sababu mtu wa visiwani huelekea kaskazini kwa mazoea tangu utotoni, Makka ikiwa juu yetu moja kwa moja. Siwa iko kaskazini na magharibi ya Makka. Kibla chake ni kusini-mashariki, na zaidi kwenye mashariki. Siku ya kwanza nilisimama kama niko kwetu, mwenye nyumba akanigeuza mabega taratibu bila ya kusema neno.

Maji kijijini si shida kabisa, chemchemi ni nyingi mno. Kwenye mchanga, maji mnayobeba ni ya kunywa kwanza. Kuna tayamamu, na msafiri ana ruhusa zake za kukusanya na kupunguza sala. Muulize sheikh wako kabla hujaondoka.

Wanasema maji ya huko mtu hazami. Mimi ni mvuvi, siamini. (Mkoani)

Amini, mwanangu. Bonde lote liko chini ya usawa wa bahari, kiasi cha mita 19. Maji ya chemchemi na ya mashambani yanateremkia chini, hayana mkondo wa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Miaka na miaka. Kwenye mashimo wanakochimba chumvi maji ni ya kijani-buluu kama kioo, na wewe unaelea umekaa kitako kama uko barazani. Usitie kichwa, na usiingie ukiwa na kidonda au umenyoa siku hiyo. Nilikuwa na mchubuko mdogo kisiginoni, niliuhisi hadi kwenye meno. Ukitoka jisuuze kwa maji matamu papo hapo, la sivyo ngozi inakauka nyeupe kama papa wa ng'onda.

Pesa na chaja? (Fuoni)

Shilingi zetu ziache nyumbani, chukua dola, badilisha Cairo. Siwa mashine za benki ni chache na usizitegemee. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, hizi zetu za pini tatu bapa haziingii, kwa hiyo nunua adapta Darajani.

Tuko vijana wanne, tunaendesha vizuri, twataka kukodi gari tuingie mchangani wenyewe. (Chukwani)

Nimelisoma hili mara mbili nikitafuta namna ya kujibu bila ya kugomba.

Bahari Kuu ya Mchanga, hilo ndilo jina lake, inaanza pale pale kusini ya mji. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 72,000. Unguja na Pemba mkizijumlisha hazifiki 3,000. Vilima vinafanana, upepo unafuta alama za magurudumu, na simu haishiki. Nikuulizeni: mtu wa bara aliyejifunza kuogelea bwawani akikwambia anataka kuvuka mkondo wa Pemba na ngalawa bila ya nahodha, mtamjibuje?

Dereva niliyekwenda naye alizaliwa Siwa. Alipofika ukingoni alishuka, akachuchumaa, akatoa upepo matairi yote manne mpaka yakalegea kama ya baiskeli yenye pancha, ili gari likanyage pana na lisizame. Kisha alipanda kilima kwa miguu kutizama upande wa pili kabla ya kupandisha gari. Kila kilima kirefu, anashuka, anatizama. Upande wa upepo mchanga ni mgumu na umeinama kidogo, upande wa pili unakatika ghafla kama ukuta, na ukiwa kwenye usukani huuoni mpaka pua ya gari iko hewani.

Basi kodini gari pamoja na mtu wake, na muulize kama zinakwenda gari mbili, maana moja ikikwama ya pili ndiyo inayovuta. Maji ni lita tano kwa kichwa kwa siku, kwa hiyo nyinyi wanne ni dumu zima la lita 20 kila siku, na dumu jengine lisiguswe. Gari likiharibika msiliache. Kaeni kwenye kivuli chake. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu anayetembea.

Niwapelekee nini wenyeji wangu? (Limbani, Pemba)

Karafuu, tena za kwenu. Mfuko mdogo tu. Chai yao wanaitia mchaichai kama sisi, nami nikamtilia mwenye nyumba punje tatu za karafuu kwenye birika. Alinusa, akanywa, akaniuliza huo mti unaota wapi. Nikamchorea Pemba kwenye mchanga kwa kidole, na yeye akanichorea Siwa pembeni yake, karibu sana, kama visiwa viwili vya jirani.