Torenti kwenye seva isiyo na kioo: angalia kwanza umeme ukikatika

Laptopu yangu ya zamani ilikufa kioo, fundi akanitajia bei nikaona huyu ananitania, nikaking'oa kioo chenyewe nikaweka Debian (aina ya Linux) nikaipandisha juu ya kabati pembeni ya rauta. Ramu gigabaiti 2, betri ilishakufa kitambo, diski ya nje ya terabaiti 1, hamna kibodi hamna kioo, ukitaka kuongea nayo unaingia kwa SSH basi, yaani unaiandikia amri kutoka kompyuta nyingine. Kazi yake ni kushusha mafaili makubwa kwa torenti (faili linakuja vipande vipande kutoka kwa watu wengine walionalo) usiku bando likiwa la bei poa, yaani ISO za Linux (mafaili ya kuiweka kwenye mashine) na yale mafaili ya Wikipedia ya Kiwix, ya kusoma bila intaneti, maana dada yangu anafundisha sekondari sehemu ambayo intaneti ni ya kubahatisha, na ile Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote inazidi gigabaiti 90, sasa hiyo ukiishusha kwa brauza ikikatika kwenye 85 utalia.

Watu wakiniuliza niweke programu gani ya torenti huwa wanauliza ipi ina spidi. Spidi achana nayo, zote zitaenda mwendo wa mtandao wako tu. Mimi nauliza hivi, luku ikiisha saa 8 usiku wewe umelala, umeme ukirudi hiyo kitu itaamka yenyewe na kuendelea ilipoishia au itakusubiri wewe?

Kwa kipimo hicho rTorrent niliipenda nikaiacha. Inakaa ndani ya terminali, nyepesi kweli, lakini mimi niliilaza ndani ya tmux (terminali inayobaki hai ukitoka) halafu nikaiandikia mwenyewe huduma ya systemd, ile inayowasha programu, ili iamke na mashine, na kila kitu ni kukariri vitufe. Deluge yenyewe wazo lake zuri, injini inakaa kwenye seva na wewe unaiendesha kwa programu ya kwenye kompyuta yako kana kwamba iko hapo hapo, ila angalia matoleo, Deluge 2 haielewani na injini ya 1.3. Nikajikuta natumia ukurasa wake wa wavuti tu, na kama ni ukurasa wa wavuti basi kuna wanaofanya vizuri zaidi.

Zikabaki mbili, Transmission na qBittorrent, ile ya seva inaitwa qbittorrent-nox.

Nilianza na Transmission kwa sababu ya ramu, kwangu hata torenti 20 zikiwa wazi mashine haistuki. Unaiweka kwa apt, inaamka yenyewe mashine ikiwaka, ukurasa wake wa wavuti uko porti 9091. Ila siku ya kwanza ilinitoa jasho. Nafungua kwa simu inanipa 403, yaani huruhusiwi, kumbe kwenye faili lake la mipangilio, settings.json, kuna rpc-whitelist (orodha ya wanaoruhusiwa) ambayo inaruhusu mashine yenyewe tu (127.0.0.1), nikarekebisha, nikaiwasha upya, bado 403, narudi kwenye faili nakuta nilichoandika kimefutika! Nimefanya hivyo mara tatu aisee. Ukweli ni kwamba programu ikizimwa inaandika upya lile faili kwa mipangilio iliyokua nayo kichwani, kwaiyo unaizima kwanza, ndo unahariri, ndo unawasha.

Halafu kuna yule kobe. Transmission ina alama ya kobe ya kupunguza spidi kwa ratiba ili mchana watu wa nyumbani wasikunyooshee vidole, ila kwenye faili muda unaandikwa kwa dakika kuanzia saa 6 usiku. Mimi nataka kobe aondoke saa 5 usiku, nikapiga 5 mara 60 nikaandika 300. Sasa 300 ni saa 11 alfajiri bwana! Usiku kucha kobe anatambaa na bando langu linaisha muda wake. Saa 5 usiku ni 1380, andika mahali.

Lakini kilichoniuma zaidi ni diski. Umeme ulikatika, ukarudi, laptopu ikawaka (nilishaiambia kwenye BIOS iwake yenyewe, sio laptopu zote zina hiyo), ila diski ya nje ikachelewa kuamka. Transmission haina habari, yenyewe inaona folda /mnt/diski, pale diski inapopachikwa, ipo, tupu, torenti zilizokuwa zinasubiri kuanza ikazishusha humo humo, yaani kwenye diski ndogo ya mfumo. Asubuhi diski imejaa pomoni, mashine haikubali hata kuandika logi. Hilo kosa ni langu, na lingeweza kunikuta na programu nyingine pia. Dawa yake ni mistari miwili: systemctl edit transmission-daemon, chini ya [Unit] weka RequiresMountsFor=/mnt/diski, na diski yenyewe iandike kwenye fstab (orodha ya diski za kupachika) kwa UUID, namba yake ya utambulisho, pamoja na nofail, la sivyo mashine nzima inaweza kukwama diski isipokuwepo. Diski isipokuwepo programu haiwaki, unalala. Vipande vilivyoharibika umeme ulipokatika visikutishe, kila kipande kina hashi yake, amuru ihakiki na itashusha upya vile vibovu tu.

Mashine ya dada ina ramu gigabaiti 8 kwaiyo huko nimeweka qbittorrent-nox. Inakula ramu zaidi, ila kwenye ukurasa wake unapata karibu kila kitu cha toleo la kawaida, makundi, RSS (kufuatilia mafaili mapya yakitoka), kuibana ipite njia moja ya mtandao, huna haja ya kugusa faili. Porti ni 8080. Maelekezo ya zamani yatakwambia pasiwedi ni adminadmin, hiyo iliondolewa kuanzia 4.6.1, sasa inatengeneza ya muda na kuiandika kwenye logi, piga journalctl uisome halafu uweke yako fasta maana ukiiwasha upya inabadilika.

Na zote mbili ukurasa wake usiufungulie intaneti nzima, ukiwa mbali pitia SSH au WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani). Kama mtandao wako hauna IP ya kwako peke yako, kama wangu, kushusha utashusha ila kugawa, yaani kuwatumia wengine ulichonacho, kutakua kwa kusuasua, hapo hata ubadilishe programu mara kumi haisaidii.

Juzi luku iliisha tena saa 9 usiku, nikaingiza tokeni asubuhi nikaenda zangu kuoga. Natoka bafuni nachungulia kwenye simu, 61%, inaendelea.