Taa ya onyo ikiwaka helikopta ikiwa angani

Mwongozo wa helikopta ya Robinson R44 una amri mbili ambazo marubani wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huzichanganya angani. "Tua mara moja" ni kutua kwenye eneo la wazi lililo karibu kuliko yote, hata likiwa shamba la mtu. "Tua mapema inavyofaa" ni rubani kuchagua pa kutua kulingana na tatizo, bila kupita uwanja wa ndege ulio karibu. Kufika nyumbani kwanza hakumo katika amri hizo. Mara nyingi kinachoamua ufuate ipi ni dalili zinazoandamana na taa.

Chukua taa ya chipu ya giaboksi kuu. Huwashwa na plagi ndogo yenye sumaku iliyozama kwenye oili: chembe za chuma zikinasa hapo, umeme unapita. Giaboksi mpya hutoa unga laini wa chuma gia zinapozoeana, na unga huo unaweza kuiwasha. Taa peke yake, basi, nenda uwanja wa karibu. Ikija na mlio mgeni, mtikisiko au joto la giaboksi kupanda, shuka sasa hivi. Mtikisiko wa haraka haraka unaowasha nyayo kwenye pedali mara nyingi hutoka kwenye rota ya mkia, yaani mapanga madogo ya nyuma. Ule mzito unaokurusha kitini, kwenye rota kuu.

Taa ya klachi inataka kuhesabu. Mikanda inayopeleka nguvu ya injini kwenye rota hutanuka kidogo ikipata joto. Mota ndogo huikaza, taa huwaka na kuzimika. Hiyo ni kawaida. Zikipita sekunde 10 bado inawaka, vuta fyuzi ya klachi (kitufe kinachokata umeme wa mota hiyo), tua mapema inavyofaa. Zikiwepo dalili nyingine za hitilafu kwenye mikanda au rota, punguza nguvu, tua mara moja. Jiandae kwa otorotesheni, yaani kushuka bila nguvu ya injini huku upepo ukizungusha rota, maana mikanda ikikatika injini itanguruma bure huku rota ikipungua kasi. Fyuzi hiyo uijue kwa kidole kabla hujaruka. Kuitafuta kwa macho angani ni kuchelewa.

Injini ikizima, sauti hubadilika na pua huvuta kushoto. Shusha kolektivu (wenzo wa kuinua na kushusha helikopta) papo hapo, nyoosha pua kwa pedali ya kulia, shika kasi ya noti 70 (kama kilomita 130 kwa saa). Honi hulia mizunguko ya rota ikishuka hadi asilimia 97. Ikiendelea kushuka, mapanga hupoteza uwezo wa kubeba helikopta, na hapo hakuna kurudi. Kwa futi 40 hivi kutoka ardhini anza kuinua pua. Kwa futi 8 isawazishe, kisha vuta kolektivu kabla tu ya kugusa. Redio ni baadaye: "Mayday" mara tatu kwenye masafa uliyopo au yale ya dharura, 121.5, na namba ya dharura 7700 kwenye transponda (kifaa kinachoitambulisha helikopta kwa rada) ukipata mkono wa ziada.

Ukishatua kwa taa ya chipu, usiinuke tena "kujaribu". Fundi atoe plagi. Akikuta unga tu, huisafisha na kuirudisha (kwenye giaboksi ya mkia ni lazima ajaze oili mpya), kisha helikopta huelea karibu na ardhi kwa dakika zisizopungua 30. Taa ikirudi, giaboksi hubadilishwa kabla ya safari nyingine yoyote.