Namba ya baba ilikuwa bado kwenye faili lao

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, ile programu nilishaifuta kwenye simu, mbona bado wananitumia ujumbe?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Jambo hili bado lina kidonda kwangu.

Nikiwa chuoni nilijiunga na huduma ya kuhifadhi picha. Ilikuwa ya bure. Iliomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yangu, nikabonyeza "kubali" bila kusoma. Miaka ikapita, kampuni ikauzwa, mimi nikaisahau. Kisha taarifa zao zikavuja. Nywila niliyoitumia kule ndiyo iliyofungua barua pepe yangu. Mtu akaingia, akawaandikia ndugu zangu kwa jina langu kwamba nimelazwa na nahitaji pesa haraka. Shangazi akatuma. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikaapa nitawadai kila walicho nacho kunihusu. Miezi ya kuandikiana nairuka. Faili likaja, nikalifungua usiku. Picha nilizitarajia. Sikutarajia orodha ya watu wote niliowahi kuwahifadhi kwenye simu, kila mmoja kwa jina nililompa mimi mwenyewe: "Fundi Friji", "Shangazi Mdogo", "Usipokee Huyu". Nikashuka, nikakuta "Baba Nyumbani". Marehemu baba hakuwahi kugusa intaneti maishani mwake. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Mimi, mwanawe, ndiye niliyemkabidhi.

Ndugu zangu, tunasema "taarifa zangu, hiari yangu". Si kweli. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba, kwa nywila zilizokuwa zimeshavuja kwingine. Akaunti walizofungua hivyo zilikuwa kama 14,000 tu. Lakini kwa kuwa huduma ile iliwaunganisha watu na jamaa zao, walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika, na hatima ya vinasaba vya wateja ikawa gumzo. Uliyemwamini leo kesho anaweza kuwa na mwenye mali mwingine.

Kwa hiyo, dada yangu, kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti. Irudishe, ingia kwenye mipangilio, futa akaunti yenyewe, kisha ndiyo uitoe. Kabla ya hapo omba nakala ya taarifa zako, kwa maandishi, na utunze tarehe. Wakazi wa Umoja wa Ulaya wana haki hiyo kisheria, na chini ya sheria iliyoanza kutumika Mei 2018 kwa kawaida kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu. Nchi nyingine nyingi nazo zimeshatunga sheria zao. Usirudie nywila. Nasema tena, usirudie nywila! Weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uombwe pia namba ya siri ya mara moja, hasa kwenye barua pepe, maana hiyo ndiyo ufunguo wa milango mingine yote. Na programu ya picha ikikuomba majina ya watu wako, ikatalie. Inayataka ya nini?

Kampuni ile imenijibu mwezi huu: akaunti imefutwa, nakala za akiba zitafutika ndani ya siku 90. Siku ya tisini nimeizungushia duara kwenye kalenda. Ikifika, nitawaandikia tena.