Corolla 110 inazima ikipata moto: usinunue pampu bado

Ndugu, umesema Corolla 110 yako inazima ikipata moto, ikipoa inawaka, na fundi ameshaihukumu pampu ya petroli. Huenda yuko sahihi, ila asing'oe kwanza siti ya nyuma kuifikia pampu iliyo chini yake. Chini ya boneti kuna kijisanduku kimeandikwa DIAGNOSIS. Gari likigoma, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B humo kwa kipande cha waya, ili pampu ipate umeme moja kwa moja, washa swichi bila kupiga stata, kisha bana kwa vidole mpira wa petroli unaoingia kwenye injini. Ukikakamaa na tangi likivuma, pampu ni nzima. Mshuku rilei yake (swichi inayoipa pampu umeme) au distributa (inayogawa moto kwenye plagi). Kimya? Pima umeme na athi (waya wa hasi) kwenye soketi ya pampu. Vyote vikifika, hapo nunua. Na petroli imo kweli? Geji ya mafuta huweza kuongopa.