VPN na gemu: jibu kwa binti yangu

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Umeniuliza kama ukate kwenye mshahara ulipie VPN ya mwaka mzima, ile programu ya kuficha unachofanya mtandaoni, kwa kuwa wenzako hapo hotelini Paje wanakwambia ukiwa nayo huibiwi kitu. Tena ukauliza kama ile gemu ya mpira unayocheza na mdogo wako ni kutupa pesa, kama anavyosema mjomba wako.

Usilipie mwaka. VPN inayafunga mawasiliano yako yasisomeke kuanzia kwenye simu hadi kwenye seva, yaani kompyuta, ya kampuni yake, ndipo yatoke kwenda intaneti. Mwenye Wi-Fi ya hoteli haoni tena unaingia tovuti gani, lakini kampuni ya VPN sasa inaona. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure kwa ahadi ya kuwalinda, kumbe inakusanya habari za programu wanazotumia. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni zake tanzu mbili dola milioni 20 za nchi ile.

Hapa dukani Chake Chake watu wananiletea simu wakilalamika betri haikai, bando halidumu. Nikifungua mipangilio nakuta VPN za bure mbili tatu, matangazo yanaruka kila ukigusa kioo, na moja imepewa ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu. Nazifuta, simu inatulia.

Programu za benki na za pesa za simu zina ufungaji wao wenyewe. Na yule tapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hana haja na Wi-Fi yako, anangoja wewe mwenyewe utume. VPN haimzuii. Ukiihitaji kweli, lipia mwezi mmoja, kwa kampuni inayojulikana, na ufuate utaratibu: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza mwaka 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili.

Kwenye gemu sikubaliani na mjomba wako hata kidogo. Mdogo wako tangu uondoke amekuwa mkimya, nikimuuliza habari za skuli ananijibu neno moja. Lakini usiku baada ya isha namsikia chumbani, "Dada, pasi! Nipe, nipe!" Mkimaliza mechi hamkati. Anakueleza mtihani uliomshinda, anakueleza rafiki aliyegombana naye, mambo ambayo mie na mama yako hatuyapati. Bando linaloleta hayo nakwambia litie, na likikupungukia niambie nikutilie mie.

Ninachokukataza ni zile pakiti za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu, unalipa kabla hujajua utampata nani. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kuwa pakiti za namna hiyo ni kamari, na EA, kampuni iliyotengeneza gemu ya mpira ya FIFA, wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti tangu Januari 2019. Kwetu sisi hukumu ya kamari unaijua tangu chuo cha Kurani. Mdogo wako ameshaanza kuniomba, na najua atakuja kwako akikuona una mshahara. Usimnunulie hata akilia.

Leo usiku nenda kwenye mipangilio ya akaunti yake uweke namba ya siri kwenye manunuzi, maana akaunti uliifungua wewe. Ukishindwa, nipigie baada ya isha nikuelekeze.

Babaako