Cherehani zisubiri kwanza

Dada, umeuliza kama ununue cherehani kwanza ndipo uanze chapa yako ya jezi na traksuti. Mimi nasema subiri. Hebu tazama Nike walivyoanza. Mwaka 1964 Phil Knight na aliyekuwa kocha wake wa riadha kule Oregon, Bill Bowerman, walichanga dola 500 kila mmoja. Kampuni yao, Blue Ribbon Sports, haikuwa na kiwanda. Waliagiza raba za Tiger kutoka Onitsuka ya Japani, na Knight akaziuza kwenye mashindano ya riadha, kwenye buti ya gari lake, huku akiendelea na uhasibu.

Wa kumuiga hasa ni Jeff Johnson, mwajiriwa wao wa kwanza wa kudumu. Kila mteja alimwekea kadi: saizi ya kiatu, anachokipenda, anacholalamikia. Kisha anamwandikia barua! Wewe daftari na WhatsApp vinakutosha.

Ila ukiuza chapa ya mtu, mwenyewe anaweza kukukatia mzigo wakati wowote. Uhusiano na Onitsuka ulipolegalega, mwaka 1971 wakaja na jina la Nike na nembo iliyochorwa na mwanafunzi, Carolyn Davidson, kwa dola 35 (baadaye walimpa hisa, angalau). Hatimaye wao na Onitsuka walifikishana mahakamani.

Kwa hiyo shonesha kwa fundi, jezi chache chache, lakini ziwe na jina lako. Kama uko Tanzania Bara, alama ya biashara inasajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Na fundi asaini kwamba patani (vielelezo vya kukatia nguo) ni zako.