Shangazi, aliyeniibia ananiamkia. Niitikie?

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili na genge la mboga Mbagala Charambe. Alfajiri nafuata mzigo Temeke Stereo. Miezi miwili iliyopita nilirudi kutoka sokoni nikakuta kitasa kimevunjwa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 haupo, na simu niliyoiacha kwenye chaji haipo. Kwenye simu ile kulikuwa na shilingi 180,000 za kikoba, mimi ndiye mweka hazina, na namba ya siri nilikuwa nimeiandika kwenye kikaratasi ndani ya kava. Zilitolewa zote siku ileile. Nimezilipa kwa kukopa.

Alasiri yake watoto walimwona kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu kajificha kwenye pagala na mtungi wangu. Ana miaka 17. Nikapiga ukelele wa mwizi. Sikujua mtaa ungejaa upesi namna ile. Walimpiga kwa matofali na nondo. Tairi likatoka kwa fundi pancha, mtu akaleta petroli kwenye chupa ya maji. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka kuswali alasiri akapenya katikati, akaketi chini mavumbini kando ya yule kijana na kanzu yake nyeupe, akasema, "Basi na mimi nichomeni." Hakunyanyuka mpaka polisi walipofika. Mimi sikumpiga, Shangazi, lakini na mimi sikusema basi.

Sasa kijana yuko nje kwa dhamana, mguu umefungwa hogo. Anashinda barazani kwao. Kila nikipita na beseni langu ananiamkia, "Shikamoo mama." Siitikii. Mama yake tukikutana bombani anainama kama anayetafuta kitu ndani ya ndoo. Mume wangu anasema ukimwitikia mwizi umemwonyesha mlango. Je, nikiitikia ndiyo nimesamehe? Na nikiendelea na kesi, nitakuwa sina huruma?

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza pole. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba kuna mtu aliyekupa pole, sikupaona. Waliokuja na matofali walikuwa wengi. Aliyekuja usiku ule kukuuliza watoto wamekula nini bila gesi, na fedha za kikoba utazilipaje, ni nani? Nakuuliza hivyo kwa sababu mtaa ulisema unapiga kwa ajili yako, kisha ukatawanyika ukakuacha na deni lako. Ukiniuliza huruma ianzie wapi, nitasema ianzie kwako uliyeibiwa. Umebeba mambo mawili kwa wakati mmoja, hasara na ile picha ya tairi, na hujapata wa kukutua hata moja.

Nami woga naujua. Januari 2015, usiku ule habari za Panya Road, yale magenge ya vijana wahalifu, zilipolikimbiza jiji, nilikuwa Magomeni na wajukuu wawili. Niliwaingiza nyuma ya kabati nikakaa mlangoni nimeshika mchi wa kinu mpaka adhana ya alfajiri. Jina lile liliporudi tena mwaka 2022, mjukuu mmoja ameshakuwa mrefu kuliko mimi, nilijikuta nautafuta ule mchi. Kwa hiyo sitakuambia usiogope. Anayemwambia mwenye kuvunjiwa mlango asiogope hajavunjiwa.

Kuna usiku mmoja ambao sijawahi kuuandika hapa. Nimekuwa muuguzi miaka 31, na 9 kati ya hiyo nilikuwa kitengo cha majeruhi. Usiku huo gari la polisi lilishusha kijana, tukamwandika daftarini: mwanaume, jina halijulikani, kipigo cha wananchi. Palikuwa na majeruhi wa daladala pia, tulikuwa na kazi nyingi, lakini kazi haikuwa sababu. Nilimwacha kwenye machela kando ya ukuta kwa kuwa aliyemleta alisema ni mwizi wa pikipiki. Aliomba maji mara mbili. Nilimsikia mara zote mbili. Nikaenda kwanza kumfunga bandeji mtu aliyechanika kidole.

Saa 12 asubuhi mama yake alifika na chupa ya uji, kajitanda kanga mbili zisizofanana. Hakulia kwa sauti, wala hakusema mwanawe kasingiziwa. Aliniambia, "Nesi, najua anaiba. Hata mimi kaniibia redio. Naomba maji nimwoshe uso." Nilimletea karai. Akamwosha polepole, mpaka nyuma ya masikio, namna mama anavyomwosha mtoto wa kwenda shule. Yule kijana alifariki siku ya pili yake. Daktari aliniambia jeraha la kichwa lilikuwa kubwa mno, nisijilaumu kwa kifo. Kwa kifo sijilaumu. Lakini kulowesha midomo ya mtu kwa pamba hakuhitaji amri ya daktari, na mimi sikulowesha.

Mama yule alikuwa ameibiwa kama wewe, na mwizi wake alikuwa amemzaa mwenyewe. Alijua jambo ambalo mimi mwenye cheti na sare nilikuwa nimelisahau, kwamba mtu anaweza kuwa mwizi na bado akawa na uso wa kuoshwa.

Sasa nirudi barazani kwa jirani yako. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa shikamoo maana yake ni "nashika miguu yako". Fikiri, Mama Wawili, kijana ambaye mguu wake umevunjwa na mtaa anasema nashika miguu yako, mara moja kila siku, na kila siku hajibiwi, lakini kesho yake anasema tena. Sijui moyoni mwake mna nini. Pengine ni toba, pengine ni woga wa kesi, pengine mama yake kamwamuru. Huhitaji kujua ili umwitikie. Marahaba haisemi nimekusamehe, wala haisemi nyumba yangu iko wazi. Inasema nimekusikia, nawe ni mtu. Msamaha ni wako peke yako, utatoka siku yake, na usipotoka hakuna wa kuja kukudai. Ila heshima ya kuitikiwa salamu hatumgawii mtu kwa kupima mwenendo wake. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kila mtu, Mama Wawili. Hawakuandika kila mtu mwema.

Kesi endelea nayo. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wengi wanadhani huruma ni kwenda kituoni kufuta mashtaka, halafu wanarudi nyumbani na kinyongo kinachooza. Uliibiwa, na una haki ya kusema hivyo mbele ya hakimu. Na kwa kuwa hajatimiza miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo ni mtoto. Shauri lake ni la Mahakama ya Watoto, halisikilizwi mbele ya kadamnasi. Afisa ustawi wa jamii hupewa kazi ya kuchunguza anavyoishi nyumbani na kuiandikia mahakama taarifa. Sheria hiyo imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti, chini ya uangalizi, au kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, kule Mbeya. Kwa hiyo ukisimama kutoa ushahidi humtupi shimoni. Unamtoa mikononi mwa tairi na kumkabidhi kwa watu wanaolazimika kuuliza kwa nini mtoto wa miaka 17 anavunja vitasa. Na usiache kumwambia mwendesha mashtaka kuhusu zile 180,000, aiombe mahakama ikuamurie fidia. Kudai chako hakukuondolei utu wako wala wake.

Umeniuliza kwa kuzungukazunguka kama ulikosea kupiga ukelele. Hukukosea. Aliyeibiwa ana haki ya kupiga yowe, na majirani wana wajibu wa kutoka. Kilichokosekana ni neno la pili. Siku nyingine, Mungu aepushe, mdomo uliosema mwizi useme papo hapo, "Mkamateni, msimpige!" Useme kwa sauti ileile. Mwenye mali akisema hivyo wengi hushusha mikono, kwa maana walikuwa wanajiambia wanapiga kwa niaba yake. Nimeyaona haya kwa macho yangu mtaani kwetu, kwa mwizi wa kuku.

Yule mzee wa kanzu amewaokoa wengi kuliko kijana mmoja. Petroli ile ingewaka, polisi wangekuja kutafuta wauaji. Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachosema marehemu alikuwa mwizi basi si neno. Hukumu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na aliyeleta tairi, aliyeleta chupa na aliyewasha kiberiti wangeweza kusimama kizimbani bega kwa bega. Fundi pancha ana watoto. Nenda ukamshukuru mzee huyo, na uende na mumeo.

Mumeo usimbishie. Naye alivunjiwa nyumba, na mwanamume aliyeshindwa kuilinda nyumba yake husema maneno makali ili asikie nafuu. Mwambie mlango ulionyeshwa na kitasa kibovu na kikaratasi ndani ya kava. Mnunue komeo la chuma, namba ya siri ikae kichwani, na fedha za kikoba mwombe mwenyekiti wenu zisilale kwenye simu ya mtu mmoja. Hapo atakuwa na kazi ya kufanya kwa mikono yake, nayo itamtuliza kuliko maneno yangu.

Amebaki mama wa kijana. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi katika barua yako. Hajaiba chochote, na anainamia ndoo. Usimpe hotuba, wala usimwite kikao. Akishajaza, kabla hajahangaika kuinyanyua peke yake, mshike upande wa pili umtwishe. Akikuambia ahsante, sema, "Haya, jirani." Kwa siku ya kwanza inatosha.

*

Shangazi, sisi ni madereva wa bodaboda, kijiwe kiko Tandika. Mwaka jana mwenzetu alinyongwa kwa waya na abiria aliyembeba usiku, pikipiki ikachukuliwa. Ameacha mke na mtoto wa miezi minne. Tukikamata mtu tukampeleka kituoni, wiki haijaisha yuko mtaani anatucheka. Polisi tunapiga simu wanachelewa. Wewe kila mara unaandika utu, utu. Hawa watu tuwape heshima gani?

Dereva, Tandika

*

Mwanangu, pole, na pole kwa kijiwe chote. Kumbeba mtu mgongoni kwako gizani bila kuuona uso wake ni kazi inayohitaji imani kwa binadamu kuliko kazi nyingi, na aliyemwua mwenzenu aliitumia imani hiyo kama silaha. Hasira yenu siikatai.

Lakini tuelewane kuhusu dhamana. Anayeshtakiwa kwa wizi wa kawaida akirudi mtaani kwa dhamana, kesi haijafutwa, bado ipo. Unyang'anyi wa kutumia silaha na mauaji ni habari nyingine, hayo hayana dhamana. Kwa hiyo mkimwona mtu mtaani, swali la kwanza ni alishtakiwa kwa kosa gani, na hilo hutegemea sana maelezo mliyoyatoa kituoni. Mlitoa? Mlipewa namba ya RB, ile ya kitabu cha taarifa cha polisi? Nani kati yenu aliyefika mahakamani siku ya ushahidi? Nimekaa na wanasheria wa msaada wa kisheria mara nyingi, na kilio chao ni hichohicho: mashahidi 20 siku ya kumpiga, siku ya kizimbani hayupo hata mmoja. Kesi inaondolewa, mtuhumiwa anatoka, nanyi mnasema serikali haifai. Najua siku moja mahakamani ni siku bila hesabu ya tajiri. Basi kijiwe kichange. Mnachanga kwa misiba, mchangieni na shahidi.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akiiba, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Mkalisheni chini, mzungukeni, pigeni 112, mwiteni mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Polisi wakichelewa, mwenyekiti yupo. Na pawe na mmoja wenu, mchagueni leo mkiwa mmetulia, ambaye kazi yake siku hiyo ni kusimama kati ya mkamatwa na ninyi. Achaguliwe mnayemwogopa kidogo.

Umeuliza muwape heshima gani. Mimi nataka kujua kwanza kuhusu yule mtoto wa miezi minne, ambaye sasa lazima anatembea. Mara ya mwisho kijiwe kwenda kwa mama yake ilikuwa lini, na mlimpelekea nini? Niandikieni mkishatoka huko.